Kuteremka Bila Kutumwa

Kwamboka alikuja kwangu Jumanne iliyopita bila kupiga simu, amekaa nyuma ya pikipiki, fimbo yake ya kutembelea ameishika juu kama mtu anabeba bendera. Miaka kumi na moja hatujaonana, kwa sababu siku hizi anakaa mbali na binti yake na magoti hayamsaidii. Hata hajashuka vizuri, hata sijamwambia karibu, akaanza: "Kerubo, wewe ndiye ulisema tuichukue ile baisikeli." Nikamwambia, "Kwamboka, ingia kwanza unywe chai." Akasema, "Chai nitakunywa, lakini ni wewe." Yule kijana wa pikipiki alitutazama sana, nafikiri aliona ni kitu tumeiba jana. Basi alikaa siku tatu, na siku zote tatu tulibishana juu ya baisikeli moja ya zamani, tunacheka mpaka kifua kinauma. Mjukuu wangu akasema, Nyanya, hii maneno iandikwe kabla nyinyi wawili hamjasahau. Haya. Mimi nasema, yeye anaandika.

Habari za baba na mama yangu nitaziruka, hizo ni ndefu na haziingii hapa. Mwaka ninaotaka ni mmoja tu. Uhuru ulikuwa umekuja miaka michache tu nyuma, majani chai watu walikuwa wanaanza kupanda kwa wasiwasi, lakini pareto ilikuwa kila pahali, milima ilikuwa myeupe ya maua. Nilikuwa kwa shangazi yangu upande wa Nyakoe, msichana wa kama miaka kumi na saba, maana siku ya kuzaliwa kwangu hakuna aliyeiandika. Nilikuwa nalala jikoni. Msifikirie jiko la siku hizi la kupiga vigae. Ilikuwa nyumba ya udongo ya peke yake, mawe matatu katikati, kuku kwenye kona, juu ya moto dari ya miti ambayo wimbi ilikuwa inakaushwa, na moshi umeipaka kila kitu rangi moja. Kwamboka alikuwa wa boma la jirani, na jioni anakuja tunalala pamoja, ndivyo wasichana walivyofanya. Nyumba kubwa ilikuwa karibu sana, ukuta kwa ukuta, na shangazi yangu alikuwa na ile sauti ya kunong'ona ambayo inasikika kuliko ya mtu anayepiga kelele. Yote niliyoyajua mwaka ule kuhusu maisha yangu niliyasikia kupitia ukuta huo, nikikoroga ugali.

Sasa baisikeli. Kaka yake Kwamboka, jina lake Nyabuto, alikuwa karani kwenye stoo ya pareto. Asubuhi anakuja na baisikeli yake nyeusi, anaiegemeza ukutani, anaingia ndani na mizani yake, na mpaka saa kumi hatoki. Sisi tulikuwa tunaleta maua pale na magunia kichwani. Siku moja tulipopimiwa tukatoka nje, tukaiona imesimama tu. Hakuna aliyepanga kitu. Kwamboka aligonga kengele, nayo haikulia, ilikuwa imekufa. Mimi nikashika usukani. Tukaisukuma kidogo, hivi, kuona inaenda namna gani. Mpaka stoo ikajificha nyuma ya miti. Nyabuto hakujua kwa mwezi mzima, na alipojua alisema tu, "Mkivunja, mtanibeba mgongoni kwenda kazini." Alikuwa mtu mpole.

Ilikuwa ya wanaume, ile ya chuma katikati, kwa hivyo kwanza nilijifunza kwa kupitisha mguu chini ya chuma, mwili uko upande huu na baisikeli imelala upande ule, kama kaa. Nilianguka mpaka shangazi akaniuliza kama pareto imeanza kuuma. Baadaye nikaweza kukaa juu ya kiti kabisa. Gauni tulilifunga kiunoni na kamba ya mgomba, kwa sababu cheni ilikuwa na tabia ya kula nguo, gauni la Kwamboka la Sabato lina alama mpaka leo kama halijaoza. Yeye alikaa nyuma kwenye keria na kazi yake ilikuwa kuwa kengele. Alipiga kelele: "Tokeni! Tokeni! Hatuna breki!" Breki ilikuwepo, ya mbele, lakini yeye alipenda kusema hivyo.

Watu wa huko chini kwenye nchi tambarare hawawezi kujua baisikeli ya Kisii ni nini. Kwetu hakuna kuendesha. Kuna kusukuma na kuna kuteremka. Unasukuma nusu saa, jasho, matope mekundu mpaka magoti, halafu unateremka dakika tatu. Lakini dakika tatu hizo! Upepo unaingia kwenye mikono ya gauni, machozi yanatoka yenyewe, migomba inapita, inapita, wanawake walioinama shambani wanainuka kukuangalia na wewe umeshapita. Na kitu kizuri zaidi, hatukuwa tunaenda pahali. Nataka mlielewe hilo. Msichana wa wakati wetu, kila hatua ya mguu wake ilikuwa ya kutumwa. Kisimani ametumwa, kuni ametumwa, kusaga ametumwa, hata kanisani ni kama ametumwa. Baisikeli haikutumwa na mtu. Ulitoka kununua chumvi, ukaona njia ya kushoto inateremka, ukasema hebu. Siku moja hebu hiyo ilitufikisha Marani. Marani! Tukasimama sokoni na chumvi yetu mkononi, hatujui tumekuja kufanya nini. Mama mmoja muuza ndizi akauliza, "Mmetumwa na nani?" Kwamboka akasema, "Hakuna." Yule mama akafikiri, akatupa ndizi mbivu mbili, akasema, "Basi kuleni mrudi kwenu, watoto wangu, hata mimi ningependa." Maneno hayo, hata mimi ningependa, bado nayasikia.

Shangazi alijua. Hakuna siri kwenye milima, mtu akikohoa huku wanamuuliza hali kule. Ijumaa moja jioni tulikuwa tunapika chakula cha Sabato, kwa sababu Sabato yenyewe moto hauwashwi wa kupika, kwa hivyo Ijumaa sufuria zote zinafanya kazi. Mimi nilikuwa nachambua chinsaga, ile mboga chungu inayopikwa na maziwa. Nikasikia mama yake Kwamboka ndani ya nyumba kubwa akisema, "Lakini huoni wanapanua miguu juu ya chuma? Watazaa namna gani?" Na shangazi, kwa kunong'ona kule kwake: "Acha wapande sasa. Mke hapandi baisikeli. Akiolewa itakwisha yenyewe, kama surua." Halafu tena: "Na Kerubo hana muda. Watu wa Nyamira wameulizia." Kwamboka akanifinya mpaka karibu nipige kelele.

Watu wa Nyamira maana yake Ombati. Tulionana kwenye makambi ya kanisa, mwezi wa nane, siku tano mfululizo. Hakuniambia maneno mengi. Aliniuliza kama kiti nilichokalia kinayumba, nikasema kinayumba, akaenda akatafuta kipande cha mti akakichomeka chini ya mguu wa kiti, akaenda zake. Kesho yake alikuja akauliza kama bado kinayumba. Basi, ni hayo tu. Lakini niseme wazi, nilimtaka. Sikuwa nimemtaka mtu kabla yake. Na kwetu, kabla ng'ombe hazijatajwa, anatumwa kwanza mtu wa kuchunguza, sisi tunamwita esigani. Anakuja kwenu, anakula, anaangalia uwanja umefagiliwa namna gani, anauliza majirani huyu msichana ni wa namna gani, halafu anapeleka habari. Esigani akirudi na habari mbaya mara moja, njia ya kwenu inaota majani. Hakuna mwingine atakuja.

Wao walimtuma Mzee Onchiri, mtu mfupi, mcheshi, kofia kubwa kuliko kichwa. Alikuja Jumapili kutoka Nyamira kwa baisikeli, akaiegemeza kwenye ua wa miti nje ya boma, akakaribishwa. Nilimpa maji ya kunawa nimepiga magoti, macho chini, kama inavyotakiwa. Shangazi alichinja jogoo. Kulikuwa na ugali wa wimbi, na uji mchachu kwenye kibuyu, na nilisikia kupitia ukuta mzee akisema, "Huu ugali ni nani amesonga?" Shangazi akajibu, "Ni yeye mwenyewe." Mzee akasema, "Hm." Hiyo hm ilikuwa nzuri. Kwamboka aliyekuwa na mimi jikoni akasema tayari umeolewa, twende tuteke maji tupumue.

Na hapo ndipo tunapobishana. Kwamboka anasema mimi ndiye niliyesimama mbele ya baisikeli ya mgeni nikasema, "Tazama, hii ina breki mbili." Mimi nasema yeye ndiye aliyegonga kengele ikalia, kengele nzuri, kling! na mtu mwenye akili angeondoka. Ilikuwa mpya. Kiti cha ngozi kinang'aa, madigadi bila kovu hata moja. Tulifikiri mzee bado ana kuku mzima wa kumaliza. Tulifikiri ni mpaka chini mtoni tu na kurudi. Hatukufikiri zaidi ya hapo. Nikaweka mtungi kwenye majani, nikafunga gauni, Kwamboka akapanda nyuma, na mlima wa mtoni ni mrefu, una kona mbili. Sijawahi kuteremka namna ile. Ile baisikeli haikutoa sauti yoyote, ilikuwa kama inateremka yenyewe na sisi tumealikwa. Hata Kwamboka alisahau kupiga kelele.

Kurudi mvua ikatukuta, ile mvua yetu ya mchana ambayo haikosi. Tulisukuma mpaka juu, halafu pale karibu na boma pana kipande kidogo kinachoteremka, na mimi, jamani, badala ya kuisukuma kama mtu mwenye adabu, nikapanda tena. Tukaingia uwanjani mbio, gauni limefungwa kiunoni, matope mpaka kwenye nyusi, Kwamboka anaimba. Na wazee wote, hata mama yake Kwamboka, wamesimama mlangoni wanaangalia mvua.

Nilishuka. Nilitafuta uso wa shangazi, nikaona heri nisingeutafuta. Mzee Onchiri hakukasirika, hiyo ndiyo iliniogopesha. Aliweka mikono miwili juu ya ile kofia kubwa.

"Mtoto wangu," akasema, "umekaa juu ya kiti?"

"Nimekaa, baba."

"Kabisa kabisa? Haukusimama kwenye pedeli tu?"

"Nimekaa."

"Ooo," akasema. "Hii baisikeli si yangu. Ni ya baba ya kijana. Alinipa kwa sababu mguu wangu hauna nguvu ya kutembea mpaka huku. Hicho kiti ni chake."

Shangazi alikaa chini pale pale kwenye maji. Lazima niwaeleze wale ambao si watu wa kwetu. Kati ya mke wa mtoto na baba wa mume wake pana heshima kali, inaitwa chinsoni. Hampeani mikono. Yeye haingii nyumba yako, wewe huingii anapolala. Mkikutana njiani unampisha na uso umegeuka. Kiti chake hukikalii hata kama moto unawaka chini ya miguu yako. Kuna wasichana walioharibikiwa na ndoa kwa sababu ya kuruka tu miguu ya mzee aliyelala barazani. Na mimi hata uso wa mzee huyo sikuwa nimeuona, nimeshakalia kiti chake, nikapanua miguu, nikateremka mlima.

Mama yake Kwamboka ndiye alijaribu kwanza. "Si wabadilishe kiti? Duka la Mhindi huko Kisii wanauza."

"Na usukani?" akasema Onchiri. "Si ameushika pia?"

"Basi tupanguse."

"Mama, chinsoni haipanguswi na kitambaa."

Mvua ilipoisha mzee akachukua baisikeli, akaanza kutoka akiisukuma. Shangazi akamwambia panda, Nyamira ni mbali. Akasema, "Hapana. Nikikaa hapa juu ni kama nimeshaamua mimi, na mimi kazi yangu ni kubeba maneno, si kuyakalia. Acha mwenyewe aamue." Akaenda hivyo, mguu wake unachechemea, anaisukuma hata pahali palipoteremka. Kipande cha kuteremka! Nilimwangalia mpaka kwenye kona nikilia, na nitawaambia ukweli, nusu ya machozi ilikuwa ya Ombati na nusu ilikuwa ya kuona mtu anasukuma baisikeli nzuri namna ile pahali pa kuteremka.

Ilichukua majuma matano. Stoo ya pareto nilienda na gunia, nikapita baisikeli ya Nyabuto bila kuigusa, na Nyabuto mwenyewe alitoka nje akasema, "Chukua tu uende mpaka kwenye miti," nikasema sitaki. Kisimani wasichana walinipisha: "Pisheni mke wa baisikeli! Kerubo, ng'ombe zimefika ama umeletewa tairi?" Kwamboka alipigana na mmoja, akarudi bila mtungi. Na jioni nakoroga ugali nasikia ukuta. Shangazi: "Nilisema itakwisha yenyewe kama surua." Mama Kwamboka: "Mtoto hakujua." Shangazi: "Aliuliza? Hakuuliza." Hilo lilikuwa kweli na liliniuma kuliko wangenichapa. Nilianza kujiambia maisha yangu yatakuwa hapo jikoni, nasikiliza harusi za wengine kupitia ukuta.

Juma la sita, Jumatano, nilikuwa nje naanika pareto kwenye jamvi. Nikamwona Onchiri anapanda mlima kwa miguu, kofia inatangulia. Na anasukuma ile baisikeli. Niliacha pareto, nikamwita shangazi. Alifika, akaomba uji kwanza, akamaliza kibuyu, akajipangusa mdomo, sisi wote tumesimama tunangoja.

"Mzee amesema maneno matatu," akaanza. "La kwanza, ng'ombe hazijatoka kwake, kwa hivyo siku ile msichana alikuwa bado mtoto wa watu, na mtoto wa watu hana kosa na kiti cha mtu asiyemjua. La pili, ng'ombe zinatoka mwezi ujao, kama nyinyi bado mnataka."

Shangazi akasema tunataka, kwa sauti ambayo haikuwa kunong'ona, na kuku zikakimbia.

"La tatu. Msichana akishakuwa mke wa mtoto wake, mzee hawezi tena kukaa pahali alipokaa. Wazee wengine walimwambia auze, akakataa, akasema nikiuza mtu mwingine atakaa hapo na atakuwa anapita mbele yangu kila siku. Kwa hivyo ni ya msichana. Nimetumwa niilete."

"Umeisukuma kutoka Nyamira?" Kwamboka akauliza.

"Nimetumwa kuleta. Kupanda sikutumwa."

Halafu akanigeukia, akapunguza sauti. "Kuna na swali. Mzee anauliza, ule mlima wa kwenda mtoni, wenye kona mbili, uliuteremka wote, na mtu nyuma?"

Nikasema ndiyo.

"Bila kuanguka?"

"Bila kuanguka, baba."

"Hm," akasema Onchiri. Hata hii ilikuwa hm nzuri.

Niliolewa mwaka ule kabla haujaisha, nikaenda Nyamira, na baisikeli ikaenda na mimi, Ombati akiisukuma upande mmoja na mimi upande wa pili. Wake wa huko walisema mengi. Shangazi yangu alikuwa amekosea, haikuisha kama surua. Nilipanda nikiwa na mtoto mgongoni, nilipanda nikienda kuuza majani chai, na nilipanda nikiwa siendi popote, hiyo ndiyo nilipanda zaidi. Lakini jambo moja lilinikaa moyoni. Mzee, baba yake Ombati, kwa sababu yangu alitembea kwa miguu. Hakununua nyingine. Sijui kama hakuweza au hakutaka, na mimi si mtu wa kumuuliza. Nilimwona kila asubuhi akipanda mlima na fimbo, na kila tukikutana nilishuka, nikaingiza baisikeli kwenye majani chai, nikageuza uso, na yeye akageuza wake, akapita. Neno hatukuwahi kupeana. Ila mzee alikuwa na njia yake. Alikuwa anaongea na majani chai. Anapita nimegeuka, nasikia: "Cheni ikilia hivi, mtu mwenye akili hutia mafuta." Siku nyingine: "Mvua hii itaharibu njia ya juu, afadhali ya chini." Mimi nilikuwa naenda kwa Ombati nasema, leo majani chai yamesema tutie mafuta.

Asubuhi moja tulikutana juu kabisa, pahali njia inapoanza kuteremka kwenda sokoni. Nikashuka, nikageuka. Alisimama muda mrefu kuliko kawaida, nikasikia anahema. Akayaambia majani chai, "Huu mlima, mimi nilikuwa nauteremka bila kugusa breki. Mpaka kwenye daraja. Siku hizi sijui kama kuna mtu anaweza." Halafu nikasikia fimbo yake ikienda, tok, tok.

Sikuwa nimetumwa sokoni. Nilikuwa natoka kumwona mgonjwa na nyumbani kulikuwa upande mwingine. Nikafunga gauni, nikapanda, nikaachilia. Vidole nilivinyoosha mbali na breki ili mtu akiangalia aone. Katikati ya mlima nikasikia nyuma yangu, huko juu, mzee anacheka, kicheko kikubwa cha mtu aliye peke yake. Ndiyo mara pekee nilimsikia akicheka, na sikugeuka kumtazama, kwa sababu ya heshima, na pia kwa sababu daraja lilikuwa linakuja.